Kutoka Canon 5D Mark IV kwenda R8 na R6 Mark II: mizani inasemaje

Mpiga picha za harusi wa Nakuru hutoka nyumbani kabla ya jua, akapitia maandalizi ya bibi harusi, kanisani, bustanini, kisha ukumbini mpaka usiku. Muda wote huo begi liko begani. Kwa wengi walionunua vifaa vyao miaka ile ya 2016 hadi 2019, ndani ya begi mna Canon 5D Mark IV, lenzi ya EF 24-70 f/2.8L II na nyingine ya EF 70-200 f/2.8L IS II. Zipandishe kwenye mizani ya muuza nyanya pale soko la Wakulima: bodi na betri yake na kadi ni gramu 890, lenzi fupi 805, lenzi ndefu 1,490. Jumla gramu 3,185, na flashi bado haijaguswa.

Bodi mbili zinazopimwa hapa ni Canon EOS R6 Mark II ya 2022 na EOS R8 ya 2023. Ni kamera zisizo na kioo, ambazo wapiga picha wenyewe wameshazoea kuziita mirolesi. Zote mbili zina sensa ya megapikseli 24.2 ya ukubwa uleule wa 5D, na akili ya fokasi ni ile ile. Tofauti iko kwenye mwili: R8 ina gramu 461 na betri na kadi, R6 Mark II ina 670.

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Anauza 5D, ananunua R6 Mark II, ananunua adapta ya EF-EOS R ili lenzi zake za zamani zisilale kabatini, kisha anashangaa mbona bega bado linauma. Adapta ina gramu 110. Jumlisha: 670, 110, 805, 1,490. Unapata gramu 3,075. Begi limepungua gramu 110 tu, yaani uzito wa betri moja na nusu hivi. Ukichukua R8 badala yake na lenzi zilezile, jumla ni 2,866, punguzo la gramu 319. Nafuu ipo, lakini si nafuu ya kumfanya mtu auze kamera nzuri.

Mzigo uko kwenye lenzi. Kioo kilichoondolewa hakikuwa na uzito mkubwa. Faida yake ni kwamba lenzi sasa inaweza kukaa karibu na sensa. Katika mfumo wa EF, kuna milimita 44 kutoka kwenye pete ya lenzi mpaka kwenye sensa, kwa sababu kioo kilihitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Katika mfumo wa RF ni milimita 20. Adapta basi ni bomba tupu la milimita 24 lenye nyaya za mawasiliano. Halina kioo cha lenzi ndani, ndiyo maana halipunguzi ubora wa picha. Lakini pia halipunguzi uzito wa lenzi iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita.

Ukibadilisha lenzi, mizani inazungumza lugha nyingine. RF 28-70 f/2.8 IS STM, iliyotoka 2024, ina gramu 495. RF 70-200 f/4L ina 695. Pamoja na R8 jumla ni gramu 1,651: karibu nusu ya begi la zamani. Pamoja na R6 Mark II ni 1,860. Na ukisema hutaki kuacha f/2.8 hata kwenye lenzi ndefu, ukachukua RF 24-70 f/2.8L ya gramu 900 na RF 70-200 f/2.8L ya 1,070 juu ya R6 Mark II, unarudi 2,640. Punguzo la gramu 545 kwa gharama ya lenzi mbili ghali sana. Hapo kila mtu na mfuko wake.

Kushuka kutoka f/2.8 hadi f/4 (namba ikipanda, tundu la lenzi linakuwa dogo) kwenye lenzi ndefu ni stopu moja nzima, yaani nusu ya mwanga. Kanisani, mahali ulipopiga kwa ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) 3200 sasa utapiga kwa 6400. Sensa hii inastahimili 6400 bila shida kwa picha za albamu, mradi hukuiacha picha iwe giza ukategemea kuinyanyua kwenye kompyuta. Shida kubwa zaidi ni mandhari ya nyuma: kwenye kumbi nyingi nyuma ya maharusi kuna viti vya plastiki, waya za spika na mtu anayekula, na f/4 haifuti uchafu huo kama f/2.8. Anayepiga sana ukumbini atunze ile 70-200 ya zamani na adapta yake, aibebe siku za ukumbi tu.

Lenzi ya RF 28-70 inahitaji maneno mawili zaidi kwa sababu ndiyo inayobeba uhamisho huu wote. Haina pete nyekundu ya daraja la L, lakini ina mipira ya kuzuia vumbi na matone, jambo ambalo RF 50 f/1.8 na ile RF 24-105 f/4-7.1 ya bei nafuu hazina. Ina kidhibiti cha mtikisiko ndani yake, nacho kinaiokoa R8 ambayo haina kidhibiti hicho kwenye bodi. Inajikunja: usipoifungua kwa kuzungusha kabla ya kupiga, kamera inakuandikia onyo na wakati huo pete ya ndoa imeshavishwa kidoleni. Kilemba cha lenzi, kile cha kukinga miale ya pembeni, hakimo kwenye boksi, unanunua pembeni. Na filta zake ni milimita 67, wakati ile EF ilikuwa 82. Polaraiza yako ya zamani itahitaji pete ya kupandishia ya 67 hadi 82, kitu cha bei ndogo ambacho watu hukumbuka wakiwa tayari wamefika Hippo Point ya Kisumu na jua linazama. RF 70-200 f/4 inabaki na 77 kama ile ya zamani.

Tuje kwenye fokasi, kwa sababu hapa ndipo DSLR, yaani kamera yenye kioo kama 5D, inaachwa nyuma bila ubishi. Kwenye 5D Mark IV, kioo kinagawa mwanga na kuutuma chini kwenye kifaa tofauti cha fokasi chenye pointi 61 zilizosongamana katikati ya fremu. Kifaa hicho na sensa vikipishana hata kidogo, picha inakosa: fokasi inaangukia sikioni badala ya jichoni. Ndiyo maana kulikuwa na menyu ya kurekebisha lenzi moja moja. Mirolesi husoma fokasi kwenye sensa yenyewe inayopiga picha, kwa hiyo marekebisho hayo hayana kazi tena. Wanaotumia 85 f/1.8 na 50 f/1.4 za EF watagundua kwamba lenzi waliyoilaumu miaka yote haikuwa na kosa.

R8 na R6 Mark II hutambua watu, wanyama na vyombo vya usafiri, na hufuata jicho mpaka pembeni kabisa mwa fremu. Maharusi wanapokuja kwenye zulia huna haja ya kuweka fokasi kisha kusogeza kamera. Lakini usiiache ijiamulie kila kitu. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, kuna nyuso arobaini ndani ya fremu moja, na kamera itamrukia shangazi aliyevaa lemba la kung'aa. Panga vitufe hivi: AF-ON ifanye fokasi ya jicho, na kitufe cha nyota kifanye pointi moja ya katikati. Unamshika unayemtaka kwa pointi moja, kisha unahamia ufuatiliaji. Shela nzito, miwani inayorudisha mwanga na kofia iliyoshushwa bado huichanganya. Hapo rudi kwenye pointi moja, usibishane nayo.

Orodha ya wanyama wake ina mbwa, paka, ndege na farasi. Ng'ombe hayumo. Wanaopiga picha za mashindano ya mafahali Ikolomani na Khayega wasitegemee kamera ikamate jicho la fahali. Wakati mwingine itakamata, mara nyingi itamkamata kijana anayekimbia mbele na rungu. Tumia fokasi ya eneo, weka eneo kwenye vichwa vya mafahali, na zima utambuzi. Kwa magari ya Safari Rally kule Naivasha, utambuzi wa vyombo unafanya kazi vizuri, ila gari likishafunikwa na wingu la vumbi fokasi hubaki kwenye vumbi. Punguza unyeti wa ufuatiliaji ili isikimbilie kila kinachopita mbele ya lenzi.

Kwenye giza, Canon inaandika kwamba kamera hizi hupata fokasi mpaka EV -6.5 (EV ni kipimo cha mwanga, na namba hasi ni giza). Kipimo hicho ni kwa lenzi ya f/1.2. Kwa lenzi ya f/4 usitegemee hivyo. Kingine ambacho hakisemwi dukani: zile taa nyekundu za kusaidia fokasi zilizomo kwenye flashi za zamani kama 600EX hazitumiki na mirolesi za Canon. Ukumbi ukizimwa taa kwa ajili ya keki, flashi yako haitaisaidia kamera kuona. Weka lenzi ya f/1.8, au muombe mtu wa taa aache moja.

Kitazamio cha kielektroniki kinahitaji wiki mbili za kuzoea. R6 Mark II ina nukta milioni 3.69, R8 milioni 2.36, na tofauti hiyo unaiona ukitoka moja kwenda nyingine. Faida yake kubwa kwa kazi ya huku ni kuona mwanga wa picha kabla ya kupiga. Bwana harusi mweusi ndani ya suti nyeusi, bibi harusi ndani ya gauni jeupe, saa saba mchana Kisumu: kwenye DSLR ulipiga, ukatazama skrini, ukarekebisha, ukapiga tena. Hapa unazungusha gurudumu ukiwa bado unatazama, mpaka uso upate mwanga na gauni lisiungue. Weka histogramu, ile grafu ya mwanga, ndani ya kitazamio na uiamini kuliko jicho. Sababu ni hii: jua kali hufanya mboni iwe ndogo, kitazamio kikaonekana cha giza, nawe ukaongeza mwanga usiohitajika. Weka mng'ao wa kitazamio uwe wa kudumu, usiache kamera ijiongezee na kujipunguzia.

Ukifunga kamera kwenye flashi za studio kwa triga isiyo ya Canon, kitazamio kitakuwa cheusi ti. Kamera inaonyesha picha ya 1/200, f/8, ISO 100 bila flashi, na picha hiyo kweli ni nyeusi. Watu wamerudisha kamera dukani kwa jambo hili. Nenda kwenye menyu ya Disp. simulation, izime, kitazamio kirudi kuwa cha kawaida. Ipe kitufe chake ili usiitafute katikati ya kazi.

Jua lingine la kuogopa ni lile linaloingia kupitia kitazamio kutoka nyuma. Kamera ikilazwa mezani ufukweni Dunga, Kisumu, saa nane mchana, kioo cha kitazamio kikielekea jua, lenzi ile ndogo inakusanya miale kama kioo cha kukuzia na inaweza kuchoma skrini iliyo ndani. Doa hilo halitoki. Igeuze kitazamio kisielekee jua, au itupie kitambaa.

Shata, yaani mapazia yanayofunguka na kufunga mbele ya sensa, ni mahali ambapo R8 imepunguziwa ili iwe nyepesi na nafuu. Haina shata kamili ya mekaniki. Pazia la kwanza ni la kielektroniki, la pili ndilo la kweli, na mwisho wake ni 1/4000. Kwa kazi nyingi hutagundua. Utagundua ukipiga f/1.4 juani kwa 1/2000 na kuendelea: zile duara za mwanga nyuma ya mtu zinakatwa upande mmoja. Dawa ni filta ya ND (ya kupunguza mwanga) ya stopu tatu ili ushuke hadi 1/500, au kununua R6 Mark II na kuchagua shata ya mekaniki.

Shata ya kielektroniki kabisa, ile isiyo na sauti, ndiyo inayowavutia wengi, na kwa haki. Kwenye mazishi, wakati wa sala, DSLR inayopiga kacha-kacha-kacha kando ya jeneza ni aibu. Mirolesi inapiga fremu 40 kwa sekunde bila hata mlio. Lakini ina masharti. Flashi haiwaki kabisa katika hali hiyo, kwenye R8 wala kwenye R6 Mark II. Kamera inasoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kitu kinachopita kwa kasi huinama: fimbo ya ngoma ya isukuti itaonekana imepinda. Na balbu za LED zitakuchorea mistari.

Mistari hiyo ielewe chanzo chake. Stima ya Kenya ni ya hetsi 50, na balbu za bei nafuu huzimika na kuwaka mara 100 kila sekunde, jicho lisione. Ukipiga kwa 1/1000 ya kielektroniki, sehemu ya juu ya fremu imesomwa balbu ikiwa imewaka, katikati ikiwa imefifia. Ndani ya kanisa lenye LED, rudi kwenye pazia la kwanza la kielektroniki au mekaniki, tumia 1/50 au 1/100, na uwashe kizuia mpepeso kwenye menyu. Kwa skrini kubwa za LED zile za nyuma ya jukwaa, ambazo mpepeso wake ni wa kasi zaidi, kuna kizuizi cha pili cha mipepeso ya juu kinachokuruhusu kurekebisha shata kwa desimali mpaka mistari ipotee machoni. Fanya hivyo wakati wanamuziki wanapima spika, si bwana harusi akiwa ameshika kipaza sauti.

Betri. 5D Mark IV hupiga picha 900 kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani. R6 Mark II kwa kipimo hichohicho, ikiwa kwenye hali ya kuokoa umeme, ni takriban 450 ukitumia kitazamio na 760 ukitumia skrini. R8 ni takriban 220 na 370. Usikate tamaa kwa namba hizo, kwa sababu CIPA hupima picha moja moja zenye mapumziko kati. Ukipiga mfululizo utapita mbali. Kinachokula betri ni muda wa kamera kuwaka, wala si idadi ya picha. Anayezoea kuiacha DSLR imewashwa shingoni siku nzima atajikuta na betri imekufa kabla ya keki.

Hapa kuna jambo la pesa. R6 Mark II inatumia LP-E6NH, na inakubali pia LP-E6N za 5D Mark IV, 6D Mark II na 80D, ila kasi ya fremu hupungua kidogo. Kwa hiyo betri zako nne za zamani zinaendelea na kazi. R8 inatumia LP-E17, ile ya 800D, 77D na 200D. Anayetoka kwenye 800D anafurahi. Anayetoka kwenye 5D ananunua betri upya, na kwa harusi moja nzima R8 inahitaji nne. Zote mbili huchajiwa kwa USB-C, lakini chaja ya simu ya kawaida haitoshi. Lazima iwe ya PD (Power Delivery, chaji ya nguvu kubwa), na pawabenki vilevile. Stima ikipotea Kisumu usiku wa kuamkia harusi, pawabenki ya PD ndiyo chaja yako. LP-E6 ya zamani isiyo na herufi N haichaji kwa njia hiyo.

Kadi: 5D Mark IV ilikuwa na tundu la CF na la SD. R6 Mark II ina matundu mawili ya SD. R8 ina moja tu, na hilo peke yake linatosha kuiondoa kama kamera kuu ya harusi ya kulipwa. Kadi ikifa, hakuna bibi harusi atakayekubali kurudia kiapo. Kama kamera ya pili, au ya safari, au ya mwandishi wa habari anayetuma picha kila saa, haina neno.

Faili mbichi sasa ni CR3 badala ya CR2. Anayetumia Lightroom 6 ile ya kununua mara moja atakuta haifungui kitu. Njia ni tatu: programu ya Canon ya bure ya Digital Photo Professional, au DNG Converter ya Adobe ambayo pia ni bure na itageuza faili ili Lightroom ya zamani izisome, au kulipia Lightroom mpya kila mwezi. Jaribu hili kabla ya kuuza kamera ya zamani.

Vumbi nalo. Jina la Nakuru lenyewe husemekana latoka Kimaasai, mahali pa vumbi, na aliyeshuka Menengai mwezi wa Februari habishi. Kwenye DSLR kioo kilisimama mbele ya sensa kama mlinzi. Kwenye mirolesi ukitoa lenzi, sensa iko wazi mbele yako. R6 Mark II ina mpangilio wa kufunga shata kamera ikizimwa. Uwashe siku ya kwanza. Canon EOS RP ya 2019, ambayo wengi huinunua mitumba, haina. Zima kamera kabla ya kubadilisha lenzi, elekeza mdomo chini, geuka mgongo upande wa upepo, badilisha kwa haraka. Kipulizio cha mpira kiwe begini. Hewa ya kopo hapana, inatema majimaji. Kupima uchafu, piga ukuta mweupe au anga kwa f/16 bila fokasi, kuza picha. Madoa yasiyotoka kwa kupuliza yanahitaji ufagio wa sensa wa milimita 24 wa kulowesha, pasi moja kwenda, moja kurudi, kisha unautupa. Na acha kila adapta kwenye lenzi yake badala ya kuivua na kuivika: nunua mbili ukiweza.

Upande wa Kisumu, adui ni unyevu. Kuvu hupenda lenzi iliyolazwa ndani ya begi lililolowa. Boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana na pakiti za jeli ya silika linatosha. Pakiti zikibadilika rangi, zikaushe.

Kwa wapenda ndege hesabu ni tamu zaidi kuliko ya harusi. 7D Mark II ya 2014 ina gramu 910, na EF 100-400 II ina 1,570. Ni 2,480. R7 ya 2022 yenye sensa ndogo ya megapikseli 32.5 ina gramu 612, na RF 100-400 f/5.6-8 ina 635. Jumla 1,247, nusu ya ile, na unaishika mkononi dirishani mwa gari Ziwa Nakuru siku nzima, mfuko wa maharagwe ukibaki kwa ajili ya kifaru wa asubuhi mapema. Lakini f/8 ni f/8. Kwenye ziwa lililo wazi inatosha. Ndani ya Msitu wa Kakamega, chini ya miti ambamo mbega (kolobasi) hukaa, utajikuta ISO 12800 saa nne asubuhi, na picha itakuwa ya mchanga. Huko ile EF ya zamani kwenye adapta bado ndiyo bibi. Pia R7 husoma sensa polepole. Kwa shata ya kielektroniki mabawa ya mnandi yatapinda kama mwavuli uliovunjika. Tumia mekaniki.

Mwenye Nikon D750 afanye hesabu yake mwenyewe: D750 ni gramu 840 na betri na kadi, Z5 ni 675, halafu adapta ya FTZ II ni 125. Punguzo la gramu 40. Na FTZ haina mota, kwa hiyo lenzi za AF-D kama 50 f/1.8D na 80-200 f/2.8D zitabaki za kuzungusha kwa mkono. Sony A7 III ya 2018, gramu 650, inashinda Canon kwa betri, picha 610 kwa kitazamio, na kwa lenzi za Tamron na Sigma zilizo nyingi na nafuu. Kwenye RF, Sigma na Tamron walianza kutoa lenzi za fokasi ya kiotomatiki mwaka wa 2024, nazo zilikuwa za sensa ndogo. Asiye na lenzi hata moja ya EF aanzie Sony bila majuto. Mwenye lenzi nne za L abaki Canon.

Lenzi za EF-S zitafanya kazi kwenye adapta, ila kamera itakata fremu na kukupa megapikseli kama 9 tu kati ya 24. Kwa Facebook sawa, kwa bango la ukutani hapana.

Mpangilio wa kununua, kwa mwenye 5D na lenzi mbili: R6 Mark II na adapta kwanza, 5D ibaki kama bodi ya pili kwa msimu mmoja, kwani lenzi zote bado zinaingia pande zote mbili. Kisha RF 28-70, na hapo 24-70 ya zamani iuzwe. R8 ije mwisho kuchukua nafasi ya 5D. Anayeanza kwa kununua lenzi ya RF kabla hajaamua kuhama kabisa akumbuke kwamba RF haiingii kwenye DSLR kwa adapta yoyote ya maana.

Ukinunua mitumba kutoka Nairobi na kutumiwa kwa basi, unanunua gizani. Panda gari uende. Beba kadi yako, betri yako na lenzi moja yako ya EF. Piga ukuta kwa f/16, piga fremu nyeusi ya sekunde 30 ukitafuta nukta nyekundu, jaribu matundu yote mawili ya kadi, chomeka chaja ya PD uone taa, tikisa lenzi kwenye pete uone kama inacheza. R6 Mark II ikizimwa utasikia kitu kikigonga ndani ukiitikisa: ni sensa inayoelea ya kidhibiti cha mtikisiko, haijavunjika. Lenzi za Yongnuo na Sigma za zamani zijaribiwe papo hapo kwenye adapta, kwa sababu baadhi hugoma, na adapta haina kosa.